Maziwa Yasiyopanda Motoni

Mama yangu hapigi kelele. Bi Mwanamkuu ni mtu wa kukukata maini kwa sauti ya chini, na mtaa mzima unamjua hivyo. Kwa hiyo asubuhi ile niliposikia ukelele kutoka uani nilidhani kibaka ameruka ukuta. Nilitoka mbio na kanga moja, ufagio mkononi, tayari kwa vita.

Hakukuwa na kibaka. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye sementi, na mbele yake mbuzi tuliyemwita Kidevu amesimama akitetemeka, miguu ya nyuma ameitanua. Chini yake kulikuwa na vitoto viwili vimelowa, vidogo mno, manyoya bado hayajaota vizuri. Havikuwa na uhai hata chembe.

"Wa tatu, Anifa," alisema Mama. "Huyu wa tatu."

Nilishika mdomo. Mbuzi wa kwanza alipotupa mimba tulisema kagongwa na bodaboda, maana mbuzi wetu walikuwa wakishinda mitaani kuokota kabeji na maganda ya ndizi hadi Kariakoo. Wa pili tukasema kala nailoni. Ukiitafuta sababu huikosi, hasa ukiwa huitaki ile ya kweli. Lakini wa tatu alitufunga midomo sote.

"We Ummy! Rudi ndani! Usitazame!" Mama aligeuka ghafla.

Ummy, mke wa kaka yangu Nurdin, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba na tumbo limetangulia mbele kama mwenye nyumba. Mkononi alishika kikombe cha bati cha bluu, chenye maziwa nusu. Macho yake yalikuwa kwenye vile vitoto, na uso wake umepauka kama unga wa muhogo.

"Mama," alisema taratibu, "kwani mbuzi wanatuonyesha nini?"

Swali lile lilinichoma, maana nilijua linakotoka. Ummy alikuwa amemsubiri mtoto huyo miaka sita. Miaka sita ya kuulizwa kwenye shughuli za watu, "Vipi, bado?" Nurdin alikuwa ameshanunua hadi viatu, pea tatu za mtoto mchanga, alizozichambua mwenyewe kwenye robota la mitumba pale Mchikichini anapouza. Nyumba nzima tulikuwa tukitembea kwa kunyata juu ya mimba ile.

Sasa nikueleze habari ya kile kikombe, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya zamani, imebanwa na maghorofa kila upande, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Uani ndiko Mama alikofuga mbuzi, mjini hapa hapa, sheria au pasipo sheria. Mkubwa wao alikuwa Sitara, mbuzi mwekundu mwenye kiwele kizito, aliyetoka mnadani Pugu. Na Mama alikuwa na sadaka yake, aliyoachiwa na bibi yake: mwanamke yeyote wa mtaani akishika mimba, Mama humpelekea kikombe cha maziwa ya mbuzi kila alfajiri, bure, hadi ajifungue. Hukamua baada ya swala, husoma dua yake, hutia asali kidogo, basi. Sharti lake moja: maziwa hayo hayapandi motoni. Ya chai yachemshwe mpaka yafurike, lakini ya sadaka, ukiyachemsha umeua baraka yake. Lazima mja mzito ayanywe yakiwa na joto la mbuzi mwenyewe, povu juu, na Mama amesimama mbele yake mpaka amalize.

Watu walimpenda kwa hilo. Mabinti walipojifungua salama walisema ni maziwa ya Bi Mwanamkuu. Wasipojifungua salama walisema ni mambo ya Mungu. Hesabu kama hiyo haimpi mtu hasara hata siku moja.

Basi asubuhi ile Mama aliinuka, mikono imejaa uchafu wa kuzalisha, akaangalia kwenye korido. Pale mwisho, mbele ya mlango wake, mpangaji wetu Mboni alikuwa anatoka na shuka la kuanika uani.

Mboni ni mtu wa Lindi, fundi cherehani, anapunguza suruali za mitumba. Aliingia kwetu na mume na mimba. Mimba ilitoka ikiwa ya miezi mitano. Mume alivuka Magogoni kwenda Kigamboni kutafuta kibarua, na hadi leo anakitafuta. Tangu hapo Mboni aliandamwa na homa za kwenda na kurudi, mgongo unamuuma, usiku anatoka jasho mpaka godoro linalowa. Ndiyo maana kila asubuhi alianika shuka, na wapangaji wengine walikuwa wakicheka chini chini kwamba fundi anakojoa kitandani. Kucheka ni afadhali. Wengine walisema ana kijicho: mwanamke aliyepoteza hawezi kumtazama mwenye kupata.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama. Sasa sauti yake ilikuwa imerudi chini, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mboni. Mbuzi wangu umewamaliza. Bado nini? Bado tumbo la mkwe wangu?"

Mboni aliduwaa, kibanio mdomoni. "Bi Mkubwa, mimi na mbuzi wapi na wapi?"

"Kila asubuhi unasimama hapo. Unatazama tumbo la mwenzio."

"Nasimama mlangoni kwangu!"

"Basi hakutakuwa kwako tena. Tafuta pa kwenda."

Niliingilia. Nilimwambia Mama hivyo sivyo, mtu hafukuzwi kwa sababu mbuzi kaharibu mimba, huo ni ushenzi. Mama alinitazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye uji, akaenda kunawa. Vile vitoto alivifunga kwenye kiroba akavizika pembeni mwa ukuta kwa mikono mitupu. Kondo la nyuma alilichukua paka. Na Ummy, kwa kuwa ni binti mwenye adabu hata pale adabu isipotakiwa, alirudi ndani akamalizia maziwa yake.

Mboni naye si malaika. Alivaa baibui, akafunga mlango kwa kishindo, akaenda moja kwa moja ofisi ya kata kuchongea. Alisema kuna mwanamke anafuga mbuzi katikati ya mji, wananuka, wanatapakaza kinyesi, na jana mmoja kapanda juu ya meza ya mtu ya nyanya. Sehemu ya meza ya nyanya aliibuni. Nia yake ilikuwa moja tu: Mama apate kibano. Namshukuru Mungu kwa hasira ile, nikisema ukweli.

Afisa mifugo alifika baada ya adhuhuri. Kijana mrefu, buti za mpira, begi mgongoni, jina lake Elimringi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu sana," alisema Mama, asali inamdondoka mdomoni. Alishafahamu kilichomleta. "Jua kali hili. Anifa, mpe kaka yako kiti. Mletee na kikombe."

Nilielewa. Mama alikuwa anataka kumlainisha. Alikamua Sitara mbele yake, akatia asali, akampa kile kikombe cha bluu. "Haya hayajaona moto, baba. Haya ndiyo dawa yenyewe. Wajawazito wote wa mtaa huu nimewalea kwa haya."

Elimringi alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiinua. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni alipomwona Kidevu amelala pembeni, mkia umeganda damu. Alisimamisha mkono hapo hapo.

"Mama, huyo kafanya nini?"

"Katupa. Leo asubuhi. Watu wana macho mabaya, mwanangu."

"Ni yeye peke yake?"

"Yeye wa tatu."

Alikishusha kikombe. Hakukiweka mezani, alikiweka chini kabisa, mbali na mguu wake, kisha akafungua begi na kuvaa glavu.

"Umesema wajawazito wanakunywa haya?"

"Wote."

"Bila kuchemsha?"

"Nimekwambia, hayapandi motoni."

"Kwa sasa nani anakunywa?"

Mama alifungua mdomo ajibu, na kabla hajajibu tulisikia Ummy akiguna kutoka chumbani kwake. Tangu asubuhi alikuwa amelala. Wiki kadhaa alikuwa na homa za kuja na kuondoka, viungo vinamuuma, usiku jasho. Malaria walipima wakakosa, wakapima tena wakakosa, na Mama akasema ni mimba tu, mtoto wa kiume ana joto. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikianika shuka zake.

Shuka. Nilisimama pale uani nikaona kamba ya kuanikia, shuka la Ummy upande huu na la Mboni upande ule, yote yanapepea.

"Ita bajaji," Elimringi aliniambia. "Sasa hivi, dada. Huyu aende hospitali, na ukifika waambie wazi kwamba nyumbani kuna mbuzi wanaotupa mimba na mgonjwa anakunywa maziwa mabichi. Usiseme homa tu. Sema hivyo hivyo. Wampime brusela."

"Bru nini?"

"Ugonjwa wa kutupa mimba. Mbuzi anaupata, na mtu anaupata kwa mbuzi. Kwenye maziwa, na kwenye uchafu wa kuzalia. Haraka, dada."

Mama alicheka. Nakumbuka kicheko kile vizuri, kifupi, cha mtu aliyeambiwa kwamba jua limezama mchana. "Maziwa? Mwanangu, maziwa haya yametoka kwa bibi yangu."

Nilipoingia chumbani nilimkuta Ummy ameng'ang'ania chaga ya kitanda. "Wifi," alisema, "linabana. Linabana na kuachia. Si mapema sana, wifi?"

Nilimwambia si kitu. Nilidanganya bila haya. Tulimtoa nje mimi na Elimringi, na unajua nani alimpandisha kwenye bajaji? Mboni. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kata, amekuja kutazama Mama anavyoaibika. Alipomwona Ummy alivyo, alivua ushungi wake wa juu akamfunga kiunoni, akamwambia dereva, "Piga honi mpaka mwisho, usiogope mtu."

Hospitali nilisema kama nilivyofundishwa. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye haraka zake. Niliposema mbuzi, aliacha kuandika. Walimchoma Ummy sindano za kutuliza mikazo, wakachukua damu, wakamfunga ule mkanda tumboni, na chumba kizima tukasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto yanavyokimbia. Nurdin alifika kutoka sokoni anahema, na mkononi bado ameshika kiatu kimoja cha mteja. Alikaa nacho mapajani muda wote ule na hakuna aliyemwambia akiweke chini.

Majibu ya haraka yalitoka: Ummy alikuwa nao ugonjwa. Daktari alisema mikazo imepungua, dawa ataanza leo na atazimeza wiki nyingi, na kama angekaa nyumbani mpaka kesho asingetuahidi kitu. Nurdin alilia kwa sauti mbele za watu. Mama, aliyetufuata nyuma, hakulia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ameshika pochi yake kwa mikono miwili, anatazama ukuta.

Jioni Elimringi alikuja mwenyewe hospitali. Alikuwa amewatoa mbuzi wote damu na kupima maziwa ya Sitara. Alichuchumaa mbele ya Mama ili wasitazamane kwa juu na chini, na hilo nitalikumbuka kwake.

"Mama, wengi wao wanao. Sitara ndiye zaidi."

"Sitara hajawahi kutupa," alisema Mama. "Kila mwaka anazaa." Kisha akakumbuka. "Mara moja tu. Alipofika kutoka mnadani. Nikasema ni uchovu wa gari."

"Akishatupa mara moja anaweza kuzaa vizuri kila mwaka, na ugonjwa ukaendelea kutoka kwenye maziwa. Kwa macho humjui. Mama, nahitaji majina. Wote waliokunywa, tokea Sitara aje. Lazima wapimwe."

Mama alianza kutaja, na alianza kwa fahari, naapa. Ni mazoea ya ulimi. "Moza wa pale kona, kapata pacha, wote wazima. Mke wa muuza kahawa, kapata binti. Maimuna..." Hapo alipunguza mwendo. "Maimuna ilitoka. Tulisema presha. Yule msichana wa duka la vipuri, wake alizaliwa hana pumzi." Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua mkanda wa pochi. "Na..."

Alinigeukia, na nikaona macho ya mama yangu yakipanuka mpaka nikaogopa kwamba ataanguka. Nami nililiona lile lile aliloliona. Niliona alfajiri za nyuma, Mama akipita koridoni kwa uangalifu ili povu lisimwagike, anagonga mlango wa chumba cha mbele. Mboni anatoka na tumbo lake, anabana pua kwa vidole viwili kwa sababu harufu ya mbuzi ilikuwa inamchefua. Na Mama amesimama. *Kunywa mwanangu. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya mtoto.*

"Mboni," nilisema mimi, maana yeye hakuweza.

Elimringi alituambia kwamba hawezi kuapa. Mimba hutoka kwa mengi, alisema, na ya wale wengine vile vile. Lakini homa za kurudi, mgongo, jasho la usiku? Apimwe, na apimwe mapema.

Nikutoe hofu kabisa, msomaji, usije ukaliacha simulizi hili roho juu. Mtoto wa Ummy alizaliwa, mdogo lakini mzima, na sasa anavaa pea ya pili ya vile viatu. Mboni alipimwa akakutwa nao, akatibiwa, na shuka zake huanikwa siku ya kufua tu kama za watu wote. Mbuzi waliondolewa hadi wa mwisho, na uani kwetu siku hizi kuna ndoo na baiskeli. Ila jioni ile hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Tulijua kwamba moyo wa mtoto unapiga, na tulijua lile jingine.

Tulirudi nyumbani mimi na Mama. Kikombe cha bluu kilikuwa bado uani pale Elimringi alipokiweka, maziwa yameganda utando juu, na Mama alikipita bila kukitazama. Aligonga mlango wa chumba cha mbele.

Mboni alifungua. Nyuma yake kulikuwa na begi la shangazi kaja limejaa mpaka zipu haifungi, na cherehani imefunikwa kanga tayari kwa safari.

"Nakaribia kumaliza, Bi Mkubwa," alisema. "Kesho asubuhi napanda gari la Lindi." Kisha, kwa sababu hakuweza kujizuia, "Ummy vipi?"

"Mtoto anacheza," nilijibu.

"Alhamdulillahi." Na alimaanisha, huyu mwenye kijicho. Alishusha pumzi, akaegemea mlango.

Nilimsubiri Mama aseme. Mwanamke aliyenikata maini kwa maneno maisha yangu yote alikuwa anafunga na kufungua pochi.

"Mboni," alisema mwishowe. "Mwanangu. Yale maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yale niliyokuwa nakuletea. Ulipokuwa na... Yalikuwa na ugonjwa. Ugonjwa wa Ummy. Wa mbuzi wale."

Mboni alikunja uso. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, na mimi nikashindwa kumtazama. Alijishikiza kwenye fremu ya mlango, akashuka taratibu mpaka akakaa juu ya lile begi.

Mama alitaka kumshika bega, mkono ukaishia hewani.

"Siku moja nilikwambia, Bi Mkubwa leo niache, natapika," alisema Mboni. Hakupaza sauti. Alikuwa anakumbuka tu, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. "Ukasimama hapo hapo ulipo sasa. Ukasema unasubiri."

"Ndiyo," alisema Mama.

"Nikayanywa yote."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na kila siku nilikurudishia kikombe," alisema Mboni, "nikakwambia asante."